Vigogo wa Jukwaa: Majabari wa Roki Wapimwa kwa Vipimo vya Dodoma

Kuna albamu za ujana, na kuna albamu ambazo bendi huzirekodi mbele ya watu ikiwa tayari ina mvi. Hizi za pili ndizo tunazozishindanisha hapa. Upande mmoja wa ulingo wamesimama wakongwe wa roki ya progresivu, muziki uliozaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, wenye nyimbo ndefu, mapigo yanayogeuka kila mara na vinanda vilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa. Upande wa pili yupo mtu wa kijiji cha Doma, mkoani Dodoma: Hukwe Zawose, Mgogo, bingwa wa marimba na zeze, ambaye uzeeni alipanda majukwaa yaleyale ya majabari hao. Tumewaalika na wakongwe wengine wachache wa nyumbani, maana mashindano bila mashabiki hayanogi. Vipimo ni vya kwetu: watu wa Jiji la Dodoma, treni ya SGR, Uwanja wa Benjamin Mkapa.

1. Bendi kongwe kuliko zote

Waingereza wanatangulia na vyeti vyao vya kuzaliwa. Pink Floyd, 1965. Genesis, 1967, ikiwa bendi ya vijana wa shule ya Charterhouse. Yes na King Crimson, 1968. Ni umri wa kuheshimiwa.

Sasa njoo Dar es Salaam. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika, bendi nayo ikabadili jina: Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo Msondo Ngoma. Imeizidi Pink Floyd kwa mwaka mmoja, Genesis kwa mitatu, Yes na King Crimson kwa minne. Ina umri sawa na Muungano wenyewe!

Lakini hata Msondo ni mtoto mbele ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar. Kikundi hicho cha taarab kilianzishwa mwaka 1905, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Reli ilikuwa bado haijafika hata Morogoro, seuze Dodoma, na watu wa Unguja walikuwa tayari wameanza kukusanyika na udi na fidla zao. Mwaka 2005 kilipotimiza karne moja, albamu yake ndiyo iliyofungua mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa. Hiyo ndiyo albamu ya uzeeni kuliko zote katika orodha hii. Ili Genesis iifikie rekodi hiyo, ingebidi itoe albamu mwaka 2067.

2. Umati mkubwa zaidi

Hapa Genesis inachukua pointi zake na hatuna ubishi. Tarehe 14 Julai 2007, bendi ikiwa imefikisha miaka 40, ilipiga bure katika Circo Massimo mjini Roma, uwanja ambako Warumi wa kale walishindanisha magari ya farasi. Waliofika walikadiriwa kuwa 500,000.

Tuupime umati huo. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Ujaze mara nane na bado watu 20,000 wamebaki nje. Jiji la Dodoma lote, kwa sensa ya 2022, lina watu 765,179. Kwa hiyo karibu theluthi mbili ya jiji letu, kuanzia Nala hadi Ihumwa, vikongwe na vichanga wakiwemo, wamesimama pamoja usiku mmoja kumtazama Phil Collins akiimba. Tamasha hilo lilitoka kwenye DVD iitwayo When in Rome 2007, na ziara nzima ikaacha albamu ya CD mbili, Live over Europe 2007.

Rush ya Kanada inashika nafasi ya pili kwa heshima. Novemba 2002 ilirekodi Rush in Rio katika uwanja wa Maracanã mbele ya watu wapatao 40,000, yaani theluthi mbili ya Uwanja wa Mkapa. Malori ya vyombo yalichelewa kwa mvua, na bendi ikapanda jukwaani bila kujaribu sauti hata kidogo. Wabrazili hawakujali. Ulipofika wimbo wa YYZ, ambao hauna neno hata moja, waliuimba wote kwa pamoja, mdundo kwa mdundo.

3. Rundo kubwa zaidi

Yes, mwaka 2015, ilitoa Progeny: matamasha saba kamili ya mwaka 1972, katika CD 14. Kila usiku bendi ilipiga orodha ileile ya nyimbo, na kila usiku umewekwa wote, bila kukatwa. Jumla ni zaidi ya saa kumi za muziki. Panda basi la asubuhi Dar es Salaam ukiwa na rundo hilo: utapita Morogoro, utapita Gairo, utashuka Dodoma, na CD bado hazijaisha.

4. Wimbo mmoja mrefu zaidi

Jethro Tull walitoa Thick as a Brick mwaka 1972, albamu nzima ikiwa ni wimbo mmoja wa karibu dakika 44. Treni ya SGR ikienda mwendo wake wa juu, kilomita 160 kwa saa, katika muda huo hula kilomita zipatazo 115, yaani robo ya njia ya Dodoma hadi Dar. Wimbo mmoja! Bendi zetu za dansi za miaka ya 1970 zilibanwa na santuri ndogo, na wimbo uliozidi dakika chache ulikatwa katikati ili nusu yake ikae upande wa pili. Ian Anderson, kiongozi wa Jethro Tull na mpiga filimbi anayesimama kwa mguu mmoja, aliupiga wimbo huo wote jukwaani huko Iceland mwaka 2012 akiwa amepita miaka 60, na rekodi ikatoka 2014.

Kwa urefu wa wimbo uliorekodiwa, Waingereza wanashinda. Kwa urefu wa ngoma yenyewe wasijaribu, maana ngoma ya Kigogo ikishakolea haiulizi saa.

5. Subira ndefu zaidi

Sare, na sare ya ajabu. Yale matamasha ya Yes yalirekodiwa 1972 na kutoka 2015: miaka 43. Peter Gabriel, mwimbaji wa kwanza wa Genesis, alipiga katika tamasha la kwanza la muziki wa dunia la WOMAD mwaka 1982, na rekodi ya siku hiyo ikatolewa 2025 akiwa na umri wa miaka 75: miaka 43 vilevile.

Mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa urefu wa miaka 43. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, na Rais John Magufuli alitangaza Julai 2016 kwamba sasa Serikali inahamia. Miaka 43 kamili! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uamuzi alikuwa na wajukuu, au anakaribia, magari ya wizara yalipoanza kupanda kutoka Dar.

Na hapa niseme jambo linalonikereketa. Redio ya taifa ilirekodi bendi na ngoma za nchi hii kwa miongo, na kanda nyingi za aina hiyo wapenzi wa muziki hawajawahi kuzisikia tena. Waingereza wameonyesha kwamba kanda ya miaka 43 ina soko na ina heshima. Zetu zina nini pungufu? Zitolewe.

6. Usiku mmoja uliolipa zaidi

Huu ndio mlango ambao Dodoma na roki ya progresivu wanakutana, na inafaa tuukalie kidogo.

Julai 1982 Peter Gabriel na wenzake waliandaa WOMAD ya kwanza huko Shepton Mallet, tamasha la muziki wa dunia nzima. Kwa sauti lilifana. Kwa fedha lilikuwa msiba: madeni yalikuwa makubwa kiasi cha kutishia kulizika palepale. Gabriel alikuwa ameiacha Genesis tangu 1975, na bendi ilikuwa imepaa bila yeye. Wenzake wa zamani hawakuangalia hilo. Tarehe 2 Oktoba 1982, huko Milton Keynes, Genesis ilipanda jukwaani pamoja naye kwa usiku mmoja tu, mvua ikinyesha, ili mapato yalipe deni. Steve Hackett, mpiga gitaa aliyekuwa ameondoka 1977, aliungana nao mwishoni.

Pima matunda ya usiku huo. WOMAD ikanusurika. Mwaka 1989 Gabriel na WOMAD wakaanzisha kampuni ya rekodi ya Real World, yenye makao katika kinu cha zamani cha maji kijijini Box, Wiltshire. Mwaka 1996 kampuni hiyo ikatoa Chibite ya Hukwe Zawose. Tamasha moja la mvua huko Uingereza, na miaka 14 baadaye marimba ya Doma inauzwa kwenye maduka ya santuri ya Ulaya, Marekani na Japani. Katika hesabu ya faida kwa usiku mmoja sijaona linalolifikia.

7. Safari ndefu zaidi kwenda jukwaani

Kutoka Dodoma hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 7,200. Ni sawa na kwenda na kurudi kati ya Dar na Dodoma mara nane. Ndiyo njia aliyoifungua Hukwe, lakini kilomita hazisemi yote.

Alizaliwa Doma mwishoni mwa miaka ya 1930, katika nchi kame inayopata mvua chache kuliko sehemu nyingi za Tanzania, na kujifunzia muziki machungani na ngomani. Mwalimu Nyerere alimsikia, akamwita Dar es Salaam ajiunge na kazi ya kujenga sanaa za taifa. Baadaye akahamia Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa huko mwaka 1981. Mwaka 1985 kampuni ya Triple Earth ya London ilitoa Tanzania Yetu, na masikio ya nje yakashtuka.

Alisifika kwa sauti yenye upana wa oktavu tano. Piano kubwa ya ukumbini ina oktavu saba na kidogo. Ukiamini sifa hiyo, mzee mmoja wa Kigogo alikuwa na zaidi ya theluthi mbili za piano kooni: chini akinguruma, juu akipasua, na kati akiruka kama mbuzi wa milimani.

Halafu sikiliza ukubwa wa hatua ya mwisho. Mwaka 2002, akiwa katika miaka yake ya sitini, umri ambao mtumishi wa Serikali anakuwa amekabidhi ofisi, Hukwe na ndugu yake wa ukoo, Charles Zawose, walifungua matamasha ya Peter Gabriel katika ziara ya Growing Up huko Amerika Kaskazini. Ziara hiyo ilikuwa ya mitambo mikubwa: jukwaa la duara katikati ya ukumbi, Gabriel akitembea kichwa chini miguu juu akining'inia juu ya jukwaa, akizunguka ndani ya mpira mkubwa wa plastiki. Kabla ya hayo yote, Wagogo wawili na ala za mikono. Hakuna dramu, hakuna mtambo wa kupaa. Kumbi za aina hiyo huchukua watu kati ya 15,000 na 20,000, nao walikuja kwa ajili ya mtu mwingine. Pima uwiano wa wanamuziki na wasikilizaji: mtu mmoja kwa kila watu elfu kadhaa!

Mwaka huohuo wa 2002 ilitoka Assembly, albamu ya Hukwe na Charles wakiwa na Michael Brook. Brook ni Mkanada aliyebuni gitaa linaloshikilia noti bila kukoma, ambalo The Edge wa U2 alilitumia katika With or Without You. Wazee wengi wa roki kufikia umri huo walikuwa wanarudia nyimbo za ujana wao. Hukwe alikuwa anajaribu kitu ambacho Doma haikuwahi kukisikia.

Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Charles alimfuata 2004. Ziara yao kubwa kuliko zote ilikuwa karibu ya mwisho.

8. Chombo chenye akili nyingi zaidi

Wapiga vinanda wa roki ya progresivu walijulikana kwa kujizungushia mashine. Rick Wakeman wa Yes alivaa joho la kumetameta na kusimama katikati ya vinanda vyake kama rubani. Umeme ukikatika, ufalme umeisha.

Marimba ya Kigogo ni sanduku la mbao lenye ulimi wa chuma juu ya ulimi wa chuma, makumi kwa makumi kwenye zile kubwa alizopenda Hukwe. Na siyo zote zinapigwa! Sehemu yake hazigusiki kabisa. Zimewekwa ili zitetemeke zenyewe pale jirani yake anapopigwa, na kuacha mwangwi unaoelea juu ya wimbo. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando laini wa buibui, na huo ndio unaotoa ule mvumo wa nyuki ambao wageni hudhani ni hitilafu ya spika. Noti zenyewe zinafuata mpangilio wa sauti za asili ambazo uzi au chuma hutoa kikitetemeka, siyo mpangilio wa piano, ndiyo maana waimbaji wa Kigogo wanapopanga sauti nne au tano huwaka namna ile.

Mwangwi, mvumo, na sauti zinazozaliwa na sauti nyingine: mambo ambayo studio za Ulaya ziliyajengea mitambo ya bei kubwa, fundi wa Kigogo anayapata kwa mbao, chuma na buibui. Marimba inashinda kwa mbali.

9. Ngoma nyingi zaidi mstari wa mbele

King Crimson iliporudi jukwaani 2014 ilifanya jambo ambalo wapenzi wa roki walilizungumza kwa miezi: wapiga dramu watatu, Pat Mastelotto, Gavin Harrison na Bill Rieflin, walikaa mbele kabisa, na wapiga gitaa wakapandishwa nyuma, Robert Fripp akiwa miongoni mwao. Albamu iliyotokana na matamasha ya 2015, Radical Action to Unseat the Hold of Monkey Mind, ni moja ya rekodi za laivu zenye nguvu kuliko zote za bendi yoyote iliyopita miaka 45. Watatu wanaugawana mdundo mmoja. Huyu anauanza, yule anaumalizia.

Watu watatu. Katika muheme, wanawake wa Kigogo hubana ngoma kati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono mitupu, kikundi kizima, huku wakicheza na kuimba. Kila ngoma ina pigo lake, na ukilisikiliza peke yake unaweza kudhani mpigaji amekosea. Zikiungana, mdundo unafunga kama mlango wa chuma. Crimson walistahili kushangiliwa, na mbele za watu wa Uingereza lilikuwa jambo jipya. Huku Chamwino na Mpwapwa, ngoma kukaa mbele siyo habari.

10. Jalada lenye uhai

Pink Floyd, Pulse, 1995. CD mbili za ziara ya 1994, na katika ubavu wa kasha taa ndogo nyekundu iliyowaka na kuzimika kwa betri, dukani na nyumbani, mchana na usiku. Hakuna wa kuigusa.

11. Jukwaa la kale zaidi

Mwaka 1971 Pink Floyd walijirekodi filamu wakipiga katika uwanja wa duara wa Pompeii, Italia, bila mtazamaji hata mmoja. Julai 2016 David Gilmour, akiwa na miaka 70, alirudi palepale, safari hii na watu elfu mbili na ushei kila usiku, akarekodi Live at Pompeii iliyotoka 2017. Uwanja huo ulijengwa karibu mwaka 70 kabla ya Kristo. Ni zaidi ya miaka 2,000, na ulizikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79. Kwa majukwaa yaliyorekodiwa, nafasi ya kwanza ni yake.

Ila ninampa Gilmour onyo la kindugu. Ukitoka Dodoma mjini kwenda kaskazini, ukapita Kondoa ukafika Kolo, kuna mapango na miamba yenye michoro iliyochorwa na kuchorwa tena kwa muda usiopungua miaka 2,000. Maeneo yenye michoro yanazidi 150, na UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ikitokea siku marimba ya Kigogo na zeze za Warangi zikarekodiwa chini ya miamba ile, kwa adabu na bila kuigusa michoro, Pompeii itapata mpinzani.

12. Mkongwe wa wakongwe

Bi Kidude wa Zanzibar. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa, lakini wote walikubaliana kwamba alikuwa amepita miaka 90 kwa mbali, na wapo waliomhesabia zaidi ya 100, akiwa bado anapiga msondo na kuimba. Tuzo ya WOMEX aliipokea 2005, na alifariki Aprili 2013. Weka wakongwe wowote wawili wa Genesis pamoja wakati wa onyesho lao la mwisho, Machi 2022, na ujumlishe umri wao: wanazidi miaka 140. Bi Kidude peke yake aliikaribia jumla hiyo kuliko binadamu mwingine yeyote aliyepanda jukwaa katika orodha hii.

Watajwe pia Shikamoo Jazz, iliyoundwa 1993 kwa kuwakusanya wanamuziki waliokwisha kuzeeka, Salim Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora akiwa mmoja wao. Miaka miwili baadaye walikuwa wanapiga Uingereza. Bendi inayoanza na mvi tayari kichwani ni rekodi ya kipekee.

13. Ukoo mrefu zaidi jukwaani

Katika ziara ya mwisho ya Genesis, Phil Collins alikuwa hawezi tena kupiga dramu kwa sababu ya afya, na kiti chake kilikaliwa na mwanawe Nic, aliyekuwa na miaka 20. Baba ameketi mbele anaimba, mwana yuko nyuma anapiga yale yale aliyoyatunga baba. Lilikuwa jambo la fahari, vizazi viwili.

Ukoo wa Zawose: Hukwe. Charles. Msafiri, mwana wa Hukwe, ambaye mwaka 2017 alitoa Uhamiaji kwa kampuni ya Soundway, marimba ikiwa imekaa na sauti za elektroniki bila kupoteza lafudhi yake ya Kigogo. Kisha Pendo, binti, na Leah, mjukuu, waliosimama mbele kama The Zawose Queens. Albamu yao, Maisha, ilitolewa na Real World mwaka 2024, miaka 28 baada ya Chibite ya mzee. Na wanawake hawa wamebeba zaidi ya jina. Kwa desturi ya Kigogo ngoma ya muheme ni ya wanawake, lakini marimba na zeze zilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwanamke aliitikia nyuma. Pendo na Leah wanapiga, wanatunga na wanaongoza. Vizazi vitatu, kampuni ileile, na desturi imesogezwa hatua nzima mbele. Collins wanapewa medali ya fedha.

Kombe

Jumla ya hesabu: Genesis wana umati, Yes wana rundo, Jethro Tull wana urefu, Pink Floyd wana taa na magofu, King Crimson wana dramu tatu. Ikhwani Safaa wana karne. Lakini kwa mwanamuziki mmoja aliyefanya kazi yake kubwa kuliko zote mvi zikiwa zimeshaota, mbele ya umati uliokuwa haumjui, kwa ala alizoweza kuzibeba begani, kombe linakwenda Doma, na sioni wa kulipinga.

Anayetaka kuhakiki asikilize kwa spika nzuri, siyo ya simu, maana ule mvumo wa buibui hupotea: Chibite kwanza, kisha albamu nyingine ya Hukwe, Mkuki wa Rocho, kisha Assembly, na Maisha ya akina Pendo mwisho. Na anayetaka kuuona muziki wenyewe ukipigwa na wenyewe aende Chamwino, mwendo mfupi kutoka mjini Dodoma, ambako tamasha la muziki wa Kigogo limekuwa likifanyika tangu 2009.